Karatasi Niliyowaandikia Wazee

S.L.P. 27,
Asuokwae,
Akuapem, Ghana.

Ijumaa, 12 Septemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Ofosu,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani kwetu, kwenye kile kibaraza alichopenda kukaa Mama. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Hamburg? Uliandika kwamba ghalani wamekuhamishia kwenye kazi ya kukaa. Je, wamekuacha hapo, au wamekurudisha kubeba? Na wifi yangu Mansa, ule mgongo umepoa? Na mapacha, wanakula chakula sasa au bado ni mkate na maziwa tu? Tafadhali usinijibu kwa mstari mmoja kama kawaida yako. Nataka kusikia habari ya kila mtu peke yake.

Mimi mzima, ukiondoa presha, ambayo imeamua kuzeeka pamoja nami. Barua yako ya Machi iliingia Mei. Picha ya theluji niliipeleka shuleni, wanafunzi wakaigombania mpaka ikakunjika kona. Nisamehe.

Mvua ilikuwa nzuri mwaka huu. Paa la upande wa jikoni nililibadilisha kabla ya sikukuu ya Ohum, na viazi vikuu vya shamba la chini vimetoka vinene. Mchungwa ule wa Baba umekauka nusu, nusu nyingine inazaa kama ina hasira. Mjomba Awuku bado ni msemaji wa chifu wetu, Nana, pale barazani, na bado anatembea kilomita nne kwa siku. Nitarudi kwake, kwa sababu yeye ndiye sehemu ya habari inayonifanya nikuandikie barua ndefu namna hii.

Ofosu, nyumba imekuwa kubwa. Tangu Asiedu afariki, Mungu amlaze mume wangu pema, na tangu binti yangu Ofeibea aondoke, siku hizi sitwangi tena fufu. Fufu anatwanga mmoja, mwingine anageuza, na mimi mikono yangu ni miwili tu. Nanunua matonge ya kenke kwa jirani, nakula nimesimama, naosha sahani moja.

Watu wa mjini hudhani nyumba yenye kiziwi ni nyumba kimya. Wewe umekulia Asuokwae, unajua. Ofeibea alikuwa akiangusha sufuria, anaburuta viti, anafunga mlango kwa kishindo, anacheka kwa sauti ambayo mwenyewe haisikii. Nilikuwa nikimwonyesha ishara ya kupunguza, naye ananiuliza kwa mikono, nipunguze nini? Sasa sufuria zangu zinakaa nilipoziweka.

Nilikuambia kwamba alikwenda Koforidua kutafuta kazi ya ushonaji. Ulipouliza mara ya pili nikasema mafundi wa huko wanalipwa vizuri. Nilikudanganya, mdogo wangu. Miaka minne nimekudanganya, na leo nakuandikia nikuambie ilivyokuwa, kwa sababu nimeshawaambia watu wengine wote na wewe umebaki peke yako.

Nianzie shuleni, maana ndiko ilikoanzia.

Mwezi wa sita niliwapa wanafunzi wa kidato changu jaribio la urithi. Nilikuwa nimefundisha majuma matatu: DNA, jeni, protini, na jinsi mambo hayo yanavyompa mtu sura na maumbile yake. Nikasahihisha hapa kibarazani. Mmoja ameandika kwamba jeni ni damu ya baba. Mwingine, kwamba mtoto wa kike huchukua jeni za mama na wa kiume za baba. Yupo aliyeandika kwamba DNA inapatikana kwenye mate ya wahalifu. Na yule mcheshi wa darasa, Addo, aliandika kwamba protini ni maharage na samaki, haihusiani na pua ya mtu. Nilicheka peke yangu mpaka nikatafuta mtu wa kumsomea, na sikumpata.

Halafu nikafika kwenye karatasi ya Animwaa. Huyu ni msichana wa miaka kumi na saba, mtoto wa yule marehemu fundi wa majeneza, na kaka yake mkubwa, Ntow, ni kiziwi. Alikuwa amechora vizuri visanduku vyote vya urithi, herufi kubwa na herufi ndogo, majibu yote sahihi. Lakini chini kabisa aliandika kwa penseli: Madamu, nimepata jibu lakini sijaelewa. Jeni inamfanya nini kaka yangu? Inaingiaje sikioni?

Nimefundisha somo hili miaka kumi na tisa. Nimepeleka wanafunzi vyuo vikuu. Nimezaa kiziwi. Na swali hilo sikuwahi kulijibu, wala sikuwahi kujiuliza. Nilichokuwa nafundisha ni hesabu ya visanduku.

Unakumbuka nilikuandikia juu ya wale watafiti waliokuja kuchukua damu za watu? Walituachia kijitabu. Nilikuwa nimekitia kabatini chini ya vitambaa vya Asiedu. Nikakitoa, nikakisoma siku nne, kamusi mkononi.

Jumatatu niliwatoa darasani nikawapanga nje, wanane kwa mstari, bega kwa bega. Nikawaambia, ninyi ni chembe hai za ndani ya sikio, na mikono yenu ni milango kati ya chembe na chembe. Ili sauti ifike kwenye ubongo, lazima chumvi ipite kwenye milango hiyo. Nikaweka ndoo ya maji ya chumvi mwanzoni mwa mstari, na vikombe. Kila mmoja nikampa vikaratasi viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Mara ya kwanza vyote viliandikwa FUNGUA. Vikombe vikapita mkono kwa mkono hadi mwisho.

Mara ya pili kikaratasi kimoja kilisema FUNGUA, na kingine nimeondoa herufi moja tu, kikasema FUNGA. Nikawaambia, aliye na agizo moja zuri atalifuata hilo. Vikombe vikapita vilevile.

Mara ya tatu vyote viwili vilisema FUNGA. Wakasimama wamekunja ngumi, vikombe vinaanguka, maji yanalowesha viatu, nao wanacheka. Animwaa hakucheka. Alikuwa wa tatu kwenye mstari, anaitazama ngumi yake.

Akasema taratibu, "Kwa hiyo, Madamu, hakuna jeni ya ukiziwi."

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Kuna jeni ya mlango. Kila mtu anayo. Ya kaka yangu imekosewa herufi, mlango ukatoka umefungwa. Jeni yenyewe haijui kitu kinachoitwa kiziwi. Inajua mlango tu."

Addo akadakia, "Na wale wenye agizo moja bovu na moja zuri, Madamu, wanajijuaje?"

Nikamjibu kwamba hawajijui. Wanasikia vizuri kabisa, wanaimba kwaya.

Akasema, "Basi hata mimi naweza kuwa nalo. Hata Nana."

Darasa likaguna kwa kumtaja Nana hivyo, nami nikamwambia ashike adabu. Lakini alikuwa amesema kweli.

Sikuwapa kazi yoyote ya kufanya nyumbani. Hiyo uiweke akilini, kwa sababu baadaye nilishutumiwa kwamba nimewatuma. Animwaa na wenzake watatu walikwenda wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakijifanya wanaomba michango ya sherehe ya shule. Baada ya juma moja wakaniletea daftari. Asuokwae ina viziwi thelathini na wanne walio hai. Ishirini na saba wamezaliwa na baba na mama wanaosikia. Watano, mzazi mmoja ni kiziwi. Wawili tu ndio waliozaliwa na wazazi wawili viziwi, na hao ni yule bibi Ofosuaa na dada yake, waliozaliwa kabla ya sheria.

Sheria unaijua. Kiziwi asimwoe kiziwi, iliyowekewa mkono na Nana wa zamani, miaka ile ya sabini, ili kijiji kisiendelee kuzaa wasiosikia. Wakipendana, waachane au wahame.

Addo akanionyesha kwa kidole mstari wa mwisho wa daftari. Tangu sheria iwekwe wamezaliwa viziwi kumi na tisa, na hakuna hata mmoja ambaye wazazi wake wote wawili ni viziwi. "Madamu, sheria inalinda mlango wa nyuma, na watu wote wanapita wa mbele."

Nilikaa chini, Ofosu. Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi. Wakanikimbilia wakidhani ni presha.

Haikuwa presha. Sasa sikiliza.

Mwaka ule Ofeibea alipompata yule kijana wa shule ya viziwi ya Koforidua, fundi viatu, kiziwi kama yeye, sheria ilikuwa imelegea. Wazee wengi walioiweka walikwishakufa. Nana mpya alikuwa anasitasita. Mjomba Awuku akanijia hapa nyumbani, akakaa, akanywa maji, akaniambia, wewe ndiye msomi wetu, tuandikie kama ni kweli au si kweli kwamba viziwi wawili huzaa viziwi watupu. Kitaalamu. Tusije tukaonekana washenzi.

Nami nikaandika. Ukurasa mmoja, mwandiko wangu mzuri, visanduku vimepigwa rula. Nikaandika kwamba katika ukiziwi wa hapa kwetu, wazazi wote wawili wakiwa nao, watoto wao wote watakuwa viziwi. Nikatia sahihi, nikaandika na cheo changu.

Nitakuambia kwa nini, ingawa sijivunii. Asiedu alikufa akiamini ukiziwi wa mwanetu ulitoka upande wetu. Ndugu zake walinitazama hivyo hadi makaburini. Nilichoka kutazamwa. Nilitaka Ofeibea aolewe na anayesikia, nipate mjukuu wa kuniita kwa sauti, watu waone kwamba mambo yameishia hapo. Nikaificha tamaa yangu ndani ya elimu.

Karatasi ile ilisomwa barazani. Ofeibea alikuwepo, akafasiriwa kila neno. Tuliporudi nyumbani nilimwambia kwa mikono, nimesema kweli, watoto wako wote watakuwa viziwi.

Akanijibu, "Kama mimi."

Nikamwambia ndiyo, kama wewe.

Akasubiri. Alidhani nitaongeza kitu. Nami sikuwa na cha kuongeza, nikageuka kuwasha moto. Jumapili iliyofuata alipanga nguo zake. Mjukuu wangu wa kike amezaliwa huko, ana miaka miwili na nusu, na mpaka juma lililopita nilikuwa sijamwona. Nilisikia kwa watu wa sokoni kwamba naye hasikii.

Hiyo ndiyo kazi ya ushonaji niliyokuandikia.

Sasa rudi kwa Animwaa. Siku tatu baada ya daftari akaja hapa nyumbani, saa za alasiri, akiwa na sare yake ya shule. Hakukaa. Akaniambia kwamba kaka yake Ntow na Oforiwaa, yule binti kiziwi anayekaanga samaki njia panda, wameitwa barazani. Oforiwaa ana mimba ya miezi minne. Mjomba Awuku amesema sheria itasomwa, na pamoja na sheria itasomwa karatasi ya mtaalamu.

"Madamu, watu wanasema mwandiko ni wako."

Nikamwambia ni wangu.

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na ningependelea hasira. Akasema, "Lakini ulitufundisha wewe mwenyewe." Halafu akaaga kwa heshima, akaenda.

Siku ya baraza nilivaa kitambaa cheusi. Watu walijaa mpaka chini ya mwembe ule wa ukuta wa nje. Viziwi walikaa pamoja upande wa kushoto, mikono inakwenda kasi, na sisi wote tunaielewa, hata watoto, kwa hiyo hakukuwa na siri. Ntow alikuwa amenyoa. Oforiwaa alikuwa bado ananuka moshi wa samaki.

Mjomba aliisoma karatasi yangu kwa sauti yake nzuri ya kusemea maneno ya Nana. Ofosu, kusikiliza maneno yako mwenyewe yakisomwa juu ya mtoto wa mtu mwingine ni adhabu ya pekee. Alipomaliza nikasimama, kabla sijaitwa. Watu wakaguna, maana unajua utaratibu.

Mjomba akasema, "Adwubi, karatasi hii ni yako au si yako?"

"Ni yangu, Mjomba."

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi kaa chini."

Sikukaa. Nikasema kwamba ni kweli moja niliyoikata kutoka kwenye kweli nyingi. Nikawaeleza milango ya sikio, kama nilivyowaeleza wanafunzi. Nikawasomea hesabu ya daftari. Nikawaambia kwamba mimi na Asiedu tulikuwa tunasikia sote, na tulimzaa Ofeibea, kila mmoja akatoa agizo moja bovu, yeye moja na mimi moja, hakuna aliyemzidi mwenzake. Nikasema kwamba humu barazani huenda watu wengi tunalibeba, na kwamba mimi ninalibeba kwa hakika, na kwa kuwa nalibeba, mmoja wa wazazi wangu alilibeba, na ndugu za mama yangu nao wanaweza kuwa nalo.

Ndugu wa mama yangu aliyekuwa amesimama pale ni mmoja tu.

Mjomba alishusha ile fimbo yake ya kazi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko jikoni, "Unaniita kiziwi mbele ya watu?"

Nikamwambia, "Hapana, Mjomba. Nasema kama ni kosa, basi ni letu sote. Tukitaka kumfukuza Ntow, tuanze na wanaosikia, maana ndio tunaowazaa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mzee mwingine akauliza kama ninataka Asuokwae iwe kijiji cha viziwi watupu. Kabla sijajibu, Oforiwaa alisimama. Alipiga mguu chini ili atazamwe, kama wanavyofanya, na kila mtu akamtazama.

Akasema kwa mikono, polepole, ili asipitwe hata mzee mmoja, "Mnamzungumzia mtoto wangu kama mnazungumzia ugonjwa wa mihogo. Mimi nakaanga samaki, mnakula. Ntow anatengeneza milango yenu. Mtoto wangu atafanya kazi gani ambayo mimi siwezi kumfundisha?"

Nilimtazama nikawaza kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisubiri Ofeibea siku ile jikoni, nami niliwasha moto.

Nana aliingia ndani na wazee wake. Walipotoka, alisema kwamba Ntow na Oforiwaa wabaki kwao, na hakuna atakayewagusa. Sheria yenyewe hakuifuta. Alisema itajadiliwa baada ya sikukuu ya Odwira, wazee wakiwa wametulia. Kwangu mimi akaamuru nilete kondoo mmoja na chupa ya pombe ya kutambikia, kwa kusema kabla ya kupewa nafasi. Halafu akampa Mjomba karatasi, Mjomba akanirudishia bila kunitazama usoni.

Nilidhani nitaona wepesi. Nilikuwa nimejiwekea picha kwamba watu watakuja hapa kunishika mkono. Viziwi wachache walikuja, ndiyo, na Ntow alikuja na bawaba mpya akanitengenezea mlango wa choo bila kuombwa. Lakini wengine wameniepuka. Wana vijana wa kuoa, na mimi nimewaambia kwamba damu ya kila mtu inaweza kuwa na hilo jambo. Mama mmoja wa kanisani aliacha kukaa benchi langu. Mwalimu mkuu aliniita akaniuliza kama ni kweli naingiza siasa kwenye biolojia. Na Mjomba Awuku hapiti tena njia hii. Asubuhi anazunguka nyuma ya kanisa, na mzee wa umri ule kwa kuzunguka anaongeza karibu kilomita nzima. Naona mgongo wake tu. Amka, pika, fundisha, rudi, kula. Kuna siku hakuna mtu mzima aliyenitamkia neno tangu kengele ya mwisho ya shule.

Nilimwandikia Ofeibea barua. Majuma matatu, kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Ndipo Jumamosi iliyopita nikaitia ile karatasi kwenye mkoba nikaenda Koforidua mwenyewe.

Nyumba yake iko nyuma ya karakana ya viatu. Nilifika mlangoni nikanyanyua mkono kubisha, nikakumbuka. Kubisha kwa nani? Nilisimama pale kama mgeni wa nchi nyingine, mimi niliyemlea. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, chini kwenye mkeka, kulikuwa na kasichana kenye kipaji cha uso cha Asiedu, kanamwambia mwanasesere wake kwa vidole vidogo, kula, kula, usiteme. Haraka na safi, bila kukosea, kama vile watoto wengine wanavyoropoka maneno yao ya kwanza. Nilimtazama mpaka akaniona. Akakimbia kumvuta mama yake sketi.

Ofeibea alifungua. Amenenepa kidogo, amependeza. Hakunikumbatia na hakunifukuza. Nikampa karatasi. Aliitambua kabla hajaikunjua. Nikamwambia kwa mikono kwamba nimesimama barazani, nikamsimulia yote, na mikono yangu, Ofosu, imekuwa mizito kwa kukosa mtu wa kusema naye, alinisahihisha ishara mbili. Nikamwambia pia lile ambalo sikulisema siku ile. Siku ile uliposema kama mimi, nilipaswa kusema ndiyo, kama wewe, na nitafurahi.

Aliiweka karatasi chini ya cherehani. Akajibu, "Umechelewa."

Nikamwambia najua.

Alinipakulia wali na maharage. Tulikula. Mumewe aliingia, akanisalimu kwa heshima zaidi ya ninayostahili, akarudi kwenye viatu vyake. Mtoto alikuwa ananizunguka, ananitazama meno. Mwishowe akamuuliza mama yake kwa mikono, huyu ni nani?

Ofeibea aliweka kijiko chini. Niliona mkono wake ukinyanyuka kuelekea kifuani, mahali ishara ya bibi inapoanzia, ukasita, ukashuka. Akamwambia mtoto, "Mwalimu."

Mtoto akairudia ile ishara kunielekea, mara mbili, kujifunza jina langu. Nikaipokea. Nilimwambia ndiyo, mimi ni mwalimu.

Sikulia pale. Nililia kwenye gari, na mama aliyekaa kando yangu akanipa kitambaa chake bila kuniuliza chochote.

Lakini nisikuache na hilo tu. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni kuondoka, Ofeibea alikuwa amesimama amekunja mikono. Na akikunja mikono, unajua, ndio amenyamaza. Nilikuwa nimeshafika barabarani alipopiga mguu kwenye bati la mfereji, kishindo kikubwa, watu wote wakageuka na mimi nikageuka. Akanyanyua mikono juu ili niione vizuri kutoka mbali. Akasema, "Jumamosi huwa nipo."

Basi ndiyo habari yangu, mdogo wangu. Nakuomba mambo mawili. Nisamehe kwa miaka minne ya uongo. Na umwandikie mpwa wako, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Anasoma vizuri kuliko sisi sote. Usimtetee mama yake. Mwambie tu kwamba wewe ni mjomba wake na kwamba unajua ana mtoto.

Nisalimie sana wifi yangu Mansa, mwambie kitambaa alichokituma nimekishona na kimenitosha. Wabusu mapacha, kila mmoja mara yake wasigombane. Bibi Ofosuaa anakusalimu, anasema bado una deni la kumwonyesha ngoma ya Ulaya. Addo, asiyekujua, anauliza kama theluji ina chumvi. Mungu aliyekuvusha bahari akutunze huko, akupe kazi isiyoumiza goti, na akurudishe kwenye mlango huu ukiwa bado na mtu wa kukufungulia.

Nafunga bahasha hapa. Nimeshapiga pasi gauni la kesho, na barua hii nitaiposti Koforidua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokudanganya,

Adwubi